Mlango wa Yowe

Simu kutoka Songea iliingia asubuhi, ukungu wa Makete ukiwa bado umelalia mashamba ya pareto. Tusekile Mbilinyi alikuwa amekumbatia kikombe cha uji kwa viganja vyote viwili ili apate joto. Alipoisikia sauti ya daktari, alikiweka chini.

"Nina mgonjwa ameungua," daktari alisema. Alijitambulisha kuwa anaitwa Zamda Hyera. "Mikono yote miwili, uso, kifua. Anaitwa Gervas Komba, fundi wa mashine ya kusaga kule Mbinga. Betri za mashine zililipuka. Yeye alikuwa ameshatoka nje, akarudi ndani kumvuta mwenzake. Mwenzake mzima. Ramani yake iko kwenu, dada. Naiomba."

Tusekile aliligusa jina kwenye kioo cha meza. Ramani ilikuwepo, imetulia kwenye rafu yake: mpango wa ngozi ya Gervas Komba, chembe kwa chembe, uliochukuliwa alipokuwa mzima. Hospitali ikiipata, mashine yake ingefuma ngozi mpya ambayo mwili ungeipokea kama yake mwenyewe. Bila ramani, ngozi yoyote nyingine ingekataliwa, na mtu aliyeungua kiasi kile hakuwa na wiki ya kusubiri.

"Daktari, naomba alama zake tatu," Tusekile alisema.

Daktari alicheka kwa uchungu.

"Neno la siri analijua mwenyewe, na mwenyewe tumemlaza usingizi ili asife kwa maumivu. Pete yake iliyeyukia kidoleni, tumeikata. Na kidole chenyewe..." Daktari akavuta pumzi. "Dada, hana kidole cha kukupa."

"Na uso?"

"Si nimekwambia ameungua uso?"

Tusekile alikitazama kioo. Ngozi ya Gervas ilikuwa imefungiwa nyuma ya kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa ngozi ile ile. Kufuli hilo alilitengeneza yeye.

"Damu yake ninayo," daktari aliendelea. "Nikuletee vipimo vya damu?"

"Damu peke yake haikubaliki. Unajua kwa nini."

"Najua. Najua pia kwamba ninyi wasimamizi mnaweza kuiondoa kanuni kwa dakika moja, mkatoa ramani, mkairudisha. Ngozi ya muda niliyomfunika itashikilia hadi kesho. Mashine yangu isipoanza kufuma kesho kabla jua halijafika utosini, nitakuwa nashona sanda."

"Nitakupigia," Tusekile alisema.

*

Ghala la Ramani lilijengwa Makete kwa sababu ya baridi. Mashine zinazotunza ramani za watu wa nyanda zote za kusini hutoa joto jingi, na upepo wa kule huzipoza bure. Joto lenyewe halikupotea: lilipitishwa kwenye mabomba hadi kwenye banda la kijiji la kukaushia maua ya pareto, na akina mama wa pale hawakujali ndani ya ghala kuna nini alimradi banda lao halipoi.

Miaka ya mwanzo, programu ya kusimamia ghala ilifunguka kwa neno moja la siri. Kulikuwa pia na mlango wa dharura, ambao msimamizi aliweza kuufungua akiridhika kwamba mgonjwa yuko hatarini. Siku moja mtu alipiga simu akajiita daktari. Nyuma yake mwanamke alikuwa akilia. Akatuma na damu, iliyokuja kujulikana baadaye kwamba iliibwa maabara. Msimamizi wa zamu alimwonea huruma, akafungua. Kupitia mlango ule haikutoka ramani moja tu. Ilitoka rafu nzima, na aliyeichukua akafuta kila kitu nyuma yake. Baada ya hapo vidole vya watu vikaanza kufanya mambo ambayo wenye vidole hawakuyajua. Wezi walikuwa wakifuma glavu za ngozi, wakizivaa na kutia alama za dole gumba wanapotaka.

Mmoja wa walioibiwa alikuwa Yeremia Luvanda, mwalimu wa shule ya msingi huko Bulongwa. Alijua siku alipokuta wapimaji wanachomeka vigingi kati ya makaburi ya wazazi wake. Shamba la ukoo lilikuwa limeuzwa, na dole gumba lililoliuza lilikuwa lake. Ndugu zake walikaa muda mrefu bila kumsalimu. Kosa lilipobainika na shamba kurudi, Luvanda aliacha ualimu, akaliendea baraza la wenye ramani akaomba awe msimamizi wa ghala. Walimpa.

Tusekile alikuja baada yake, akiwa ametoka chuoni karibuni, na ndiye aliyeifumua programu ile na kuishona upya. Kila ramani akaiwekea alama tatu: jambo unalolijua, kitu ulichonacho, na vile ulivyo. Yaani neno, pete na mwili. Mwizi akilisikia neno lako, hana pete. Akiiba pete, hana uso wako wala kidole chako. Wasimamizi wenyewe nao aliwafungia kwa alama hizo hizo, na kanuni yoyote ya ghala isingebadilika mpaka yeye na Luvanda wakubali wote wawili. Siku alipoliambia baraza kwamba mlango wa dharura umezibwa kabisa, watu walisimama wakapiga makofi. Mama mmoja alimbusu mikono.

Siku hiyo hakuna aliyeuliza: je, mtu akipoteza alama zote tatu kwa mpigo?

*

Mzee Luvanda alisikiliza habari za Gervas akiwa amesimama, mikono nyuma, kama aliye mbele ya darasa.

"Mke wake amelia?" aliuliza.

"Sijamsikia bado."

"Atalia. Yule aliyeniibia mimi alikuja na mwanamke aliyelia vizuri sana. Nilisikilizishwa sauti yake mahakamani. Hata mimi nilitaka kumfungulia."

"Mzee, huyu daktari nimemtafuta kwenye orodha ya hospitali. Yupo kweli."

"Na mimi nilikuwepo kweli. Kidole kilichouza shamba nacho kilikuwepo kweli. Siku hizi sauti hufumwa, sura hufumwa. Tukiufungua mlango kwa ajili ya huyu, tutamwambia nini yule wa kesho atakayekuja na kilio kizuri zaidi? Hapana, binti yangu. Namsikitikia. Lakini hapana."

Simu iliita tena, safari hii kwa picha. Mwanamke aliyejitokeza kwenye kioo alikuwa amejifunga kitenge mabegani, nyuma yake ukuta wa hospitali. Hakuwa analia.

"Mimi ni Skolastika, mke wa Gervas," alisema. "Daktari kaniambia mmekataa."

"Hatujakataa, dada. Tunatafuta njia," Tusekile alijibu. Luvanda aligeukia dirishani.

"Gervas hakutaka kupimwa hiyo ramani. Alisema mambo ya kuanikwa ngozi kwenye mashine si ya mtu mwenye akili. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka. Nikamwambia, mume wangu, hii ni kwa ajili ya siku mbaya. Sasa siku mbaya imefika." Alifuta kioo cha simu yake kwa kidole, kana kwamba tatizo ni vumbi. "Akiamka nimwambie nini? Kwamba ilikuwa kwa ajili ya siku mbaya nyingine?"

Skolastika aliaga kwa adabu, akakata simu. Luvanda naye akatoka, akaelekea kwenye banda la pareto.

*

Pete ya Luvanda ilikuwa mezani.

Vidole vyake huvimba kwa baridi, na asubuhi huivua mpaka jua litoke. Tusekile aliitazama, na ghafla akatambua kwamba anazo alama zote za mzee yule. Pete ile pale. Neno la siri analijua, kwa sababu Luvanda hulinong'ona kila anapoliandika, majina ya wanafunzi wake wa kwanza yakifuatana kama wimbo. Na sura yake ilikuwa kwenye hifadhi ya majaribio, waliyoitumia kuipima kamera. Angeweza kusimama mbele ya programu yake akiwa watu wawili. Kanuni ingeondoka kwa dakika moja, ramani ingefika Songea, kanuni ingerudi. Hakuna ambaye angejua. Gervas angeishi.

Aliichukua pete. Ilikuwa baridi kama kokoto ya mtoni.

Akaenda nayo hadi kwenye kiti chake, akaketi. Akamfikiria mwanamume asiye na uso, akamfikiria mkewe akifuta kioo cha simu. Kisha akaitazama pete kiganjani, na kilichomjia akilini kikamtisha. Angekuwa mwizi mwenye nia njema, na programu haina mahali pa kuandika nia. Ingeandika tu kwamba Yeremia Luvanda amefungua.

Alisimama akatoka nje, pete mkononi.

Bandani kulikuwa na joto na harufu kali ya maua. Akina mama wawili walikuwa wakigeuza pareto kwenye chekeche, na Luvanda amekaa juu ya gunia, mgongo kwenye bomba la moto. Tusekile alimwekea pete kiganjani.

"Nilikuwa naweza kufungua bila wewe," alisema. "Nimeishika hii. Neno lako nalijua. Sura yako ninayo."

Luvanda aliigeuza pete kiganjani. "Neno langu umelijuaje?"

"Unalinong'ona, mzee."

Tabasamu lilitaka kuja, halikufika. "Na kwa nini hukufungua?"

"Kwa sababu kesho ungeamka ukute kidole chako kimefanya jambo usilolijua. Kwa mara ya pili."

Mzee aliinamisha kichwa. Akina mama walimaliza chekeche moja wakahamia nyingine.

"Watu hudhani kilichoniumiza ni shamba," alisema taratibu. "Shamba lilirudi. Kilichoniumiza ni kwamba hakuna aliyenigongea. Siku ile walipoifungua ramani yangu, mimi nilikuwa darasani nafundisha aina za maneno. Nina simu mfukoni. Nina mwenyekiti wa kijiji, nina mchungaji, nina majirani. Kama mtu mmoja tu, yeyote, angepiga yowe kwamba Yeremia ameungua yuko taabani, ningetoka mbio na chaki mkononi. Waongo wangefia pale pale. Lakini kila kitu kilifanyika kimya kimya, kwa huruma. Huruma ya chini chini, binti yangu, ndiyo iliyonimaliza."

Tusekile alichutama mbele yake. "Mzee, huku kwetu nyumba ikishika moto na mtoto yuko ndani, mlango umefungwa, mwenyewe hayupo. Tunafanyaje?"

"Tunavunja."

"Hata kama si nyumba yako?"

"Hata kama si yako. Lakini unapiga yowe kwanza, ili watu wajae waone unavunja nini na unatoa nini..." Luvanda akauondoa mgongo kwenye bomba. Akainua macho.

"Tulikosea kuuziba mlango," Tusekile alisema. "Tulipaswa kuuwekea kelele."

*

Walifanya kazi hadi jua likaanza kushuka nyuma ya vilima. Tusekile aliandika programu, na Luvanda alikaa pembeni akiwaza kama mwizi, jambo alilokuwa na sababu zote za kulifanya vizuri. Kila alipopata upenyo alisema, na Tusekile aliuziba.

Damu ingehitajika, lakini isingetosha. Wangehitajika watu watatu wanaomfahamu mgonjwa, kila mmoja mahali tofauti, kila mmoja akijithibitisha kwa alama zake zote tatu. Wangehitajika wasimamizi wote wawili. Ramani ingetoka moja tu, na nakala yake ingebaki rafuni isiweze kufutwa. "Rafu isije ikatembea tena," Luvanda alisema. Juu ya yote hayo kungekuwa na yowe. Habari ingekwenda kwenye simu ya mgonjwa mwenyewe, kwa ndugu zake, ofisi ya kijiji chake, redio za pale, na kwa kila mwenye ramani ghalani: fulani anasemekana ameungua, tunataka kumfungulia. Mtu yeyote angeweza kujibu neno moja, *simama*, na mlango usingefunguka mpaka swali lake lijibiwe.

Tatizo likabaki moja, na halikuwa la kiufundi. Tusekile alimpigia Skolastika.

"Dada, ipo njia. Lakini kila mtu atajua. Wasiomjua kabisa watajua kwamba mume wako amelala bila ngozi. Hatuna namna ya kumuuliza yeye. Tunakuuliza wewe."

Skolastika aligeuka akatazama mlango wa wodi.

"Gervas ni mtu wa haya," alisema. "Hata kuoga mtoni husubiri watu waondoke. Atanikasirikia sana." Akakifunga vizuri kitenge chake. "Na akasirike. Kwanza awe hai, ndipo akasirike. Pigeni."

*

Yowe lilipigwa asubuhi iliyofuata.

Wa kwanza kujibu alikuwa yule mwenzake Gervas aliyetolewa motoni, akiwa kitandani kwake Mbinga, sauti imekauka kwa moshi. Akawa shahidi wa kwanza. Kaka yake Gervas akajithibitisha kutoka Njombe. Mwalimu wake wa ufundi akajithibitisha kutoka Tunduru, akakataa kukata simu mpaka aeleze jinsi Gervas alivyomtengenezea redio akiwa bado mwanafunzi. Damu ilikubali. Salamu zikaanza kumiminika kutoka kwa watu wasiomjua Gervas wala Mbinga yenyewe, wakisema tu, tumesikia, pole, fungueni.

Kisha ikaingia *simama*.

Ilitoka Ludewa, kwa Redempta Haule. Tusekile alilitambua jina lile. Ramani yake ilikuwa kwenye rafu iliyoibwa. Luvanda naye alilitambua. Alipokea simu mwenyewe.

"Nasikia damu, nasikia mashahidi, nasikia mashine," mama yule alisema. "Nataka kujua, nani amemwona kwa macho? Si kwa kioo. Kwa macho."

Tusekile alichungulia dirishani. Jua lilikuwa limepanda. Alitamani mzee amsihi. Luvanda hakumsihi.

"Una haki, mama," alisema. "Mimi ningeuliza hilo hilo. Unamwamini nani aliyeko Songea?"

"Shemeji yangu anauza ndizi huko, si mbali na hospitali."

"Mtume. Tunasubiri."

Wakasubiri. Daktari Hyera alipiga simu mara moja, akaambiwa kuna mtu anakuja, ampeleke hadi kitandani. Hakubisha. Tusekile alisimama, akaketi, akasimama tena. Luvanda alikuwa amevaa pete mapema ingawa vidole vilikuwa bado vimevimba, na alikuwa akiizungusha polepole.

Simu ya Redempta ilipoita tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Amemwona," alisema. "Shemeji yangu ni mtu wa maneno mengi, leo ameshindwa kuongea. Naondoa neno langu. Mfungulieni huyo kijana, tafadhali, mfungulieni upesi."

Tusekile aliandika neno lake, akaweka pete, akatazama kamera. Luvanda akafuata, akilinong'ona neno lake la siri. Ramani ikaondoka rafuni kuelekea Songea, na nakala yake ikabaki mahali pake, na kila mwenye ramani akaona kwenye simu yake kwamba imetoka moja, wala si mbili.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini.

*

Gervas Komba alikasirika kweli. Alipopata nguvu za kuongea alipiga simu ghalani mwenyewe, akasema huko Mbinga watu wameacha jina lake, sasa wanamwita Mpya, na watoto wanaomba kumgusa mkono. Alilalamika kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, wale mashahidi walikuwa akina nani, na Tusekile alipowataja mmoja mmoja, akawa hawezi tena kulalamika.

Baraza lilijadili mlango ule kwa ukali. Wapo waliosema siri ya mgonjwa ni kitu kikubwa, na hawakukosea. Mwishowe ilikubaliwa kwamba kila mwenye ramani achague mwenyewe, akiwa mzima, kama siku ikifika apigiwe yowe au abaki na kufuli lake. Wengi walichagua yowe.

Masika yalipokaribia kwisha, daktari mwingine alipiga simu. Mgonjwa alikuwa Zenobia Kapinga wa Peramiho, bibi mwenye wajukuu wengi, aliyesemekana kuunguzwa na mafuta ya kupikia, uso na mikono. Damu ilikuja, ikakubali. Mashahidi watatu wakajithibitisha bila kasoro. Nyuma ya sauti ya daktari, mtu alikuwa akilia.

Tusekile alimtazama Luvanda. Luvanda alikuwa amekaza macho sakafuni, akiizungusha pete yake.

"Tupige yowe," Tusekile alisema.

Walipiga. Hawakusubiri sana. Simu ililia, na ndani yake kulikuwa na kuku, sufuria na sauti ya mwanamke mzee aliyekerwa.

"Nani amewaambia nimeungua? Mjukuu wangu kaja mbio analia, mwenyekiti kaja na baiskeli, redio nayo inanitaja! Mimi niko jikoni kwangu nachambua maharage. Sina hata lengelenge."

Daktari yule alikuwa ameshakata simu. Tusekile aliifunga njia yake, akaanza kuwatafuta polisi, awape majina ya wale mashahidi watatu. Luvanda akanyoosha mkono akaichukua simu ya yule mama.

"Mama Zenobia," alisema, "naomba urudie."

"Nirudie nini, baba?"

"Ulivyosema. Kwamba upo."

Bibi aliguna, pengine akidhani anachezewa. Halafu labda alisikia kitu kwenye sauti ya yule mwanamume, maana aliweka maharage yake chini. Sahani iligonga jiwe.

"Nipo, mwanangu," alisema. "Nipo nyumbani kwangu, mzima kabisa, wala sijamtuma mtu yeyote kwenu."

Luvanda alifumba macho. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Tena, mama. Mara moja tu."

Bibi Zenobia akacheka. Akarudia tena, safari hii kwa sauti ya juu, kama anayetaka majirani wote wasikie.